Vitambaa vya Shangazi Tusajigwe

Jumamosi, 2 Machi 2024

Nimenunua pedi tena. Pakiti mbili, dukani kwa Mama Doreen, mchana kweupe, na sauti nimeipandisha ili hata wa nyuma yangu wasikie. Mwezi wa kumi na nne huu nanunua kitu nisichokihitaji. Mama Doreen kanitazama tumbo kwanza, ndipo akanipa. Bado tu, Mwalimu? Bado tu! Ningekuwa na ule ulimi wangu wa darasani ningemjibu. Nikacheka kama zuzu.

Mwalimu. Miaka sita ya ndoa na Kyela nzima bado inaniita Mwalimu. Wenzangu ni Mama Doreen, Mama Jackson, Mama fulani. Mimi nimebaki na jina la kazi. Hata Vitus, mume wangu, ananiita hivyo hivyo. Anatania, najua. Siku hizi utani wenyewe unanichoma.

Basi niandike, maana nikizidi kuliweka kichwani litanipasua. Jana sikwenda semina. Nilimdanganya Vitus. Nilikwenda Mbeya kuchukua majibu. Dokta Marystella — msichana tu, lakini anaongea taratibu, hakuniharakisha — aligeuza karatasi nione mwenyewe. Homoni inayoziamsha ovari iko juu. Wamepima mara mbili, mara zote mbili iko juu. Maana yake mwili unapiga hodi, unapiga hodi, na ndani hakuna anayeitika. Kasema ovari zangu zimechoka kabla ya wakati. Nina miaka thelathini na mbili. Zimechoka! Zimefanya kazi gani?

Kasema si kwamba mlango umefungwa kabisa, wapo wanaopata mimba, kama watano katika mia. Kanipa vidonge vya homoni, kwa ajili ya mifupa na moyo. Halafu akaanza mambo ya ukoo. Mama alikoma hedhi lini? Hamsini na moja. Mama wadogo? Watatu, wote wamezaa mpaka wakachoka. Upande wa baba? Nikasema upande wa baba hakuna kitu. Nilijibu upesi, kama mwanafunzi aliyekariri. Akanitoa damu nyingine, itapelekwa nje ya nchi kuangaliwa vinasaba. Wiki sita, labda zaidi. Kasema kama ni ya kurithi, ndugu zangu wa kike wajue mapema, kabla ovari zao nazo hazijachoka.

Ndugu wa kike ninaye mmoja. Lusungu. Miaka ishirini na mbili, yuko chuo huko huko Mbeya. Mchumba anaye, Dickson, harusi Desemba. Na ameapa hatazaa mpaka amalize digrii na apate kazi. Nani alimshauri asubiri? Mimi hapa.

Jumapili, 3 Machi

Ikolo, kwa wazazi. Ibada. Baba hashiki tena kikombe cha meza ya Bwana. Mzee wa kanisa miaka ishirini, leo kaketi benchi la nyuma, kavaa koti, mikono mfukoni. Koti! Kwa joto hili la Kyela! Sote tunajua kwa nini. Mikono inamtetemeka. Mwaka juzi kidogo, mwaka jana zaidi, sasa hata kijiko kinagonga meno. Na akitembea ametanua miguu, anagusa ukuta. Wapo wanaosema ni pombe — Baba, ambaye hajaonja hata togwa lililochacha! Wengine wanasema kakao yake imewauma watu, wakamroga. Mwenyewe anasema ni uzee. Miaka sitini na sita.

Mama siku hizi anamjazia chai nusu kikombe. Anamimina nusu tu.

Jikoni nikamuuliza Mama, kwa sauti ya chini, kama kwao kuna mwanamke aliyeacha kuona siku zake mapema. Akawaka. Hata wewe unaupekua ukoo wangu? Hajakutosha baba yako? Kweli, Baba ana wimbo wake tangu tukiwa wadogo: kwetu hakuna tasa, kama kuna tatizo litafutwe kwa mama yenu.

Shangazi Tusajigwe alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Dada yake Baba. Anaishi kile kijumba cha nyuma, kwenye mikakao, tangu aliporudishwa na mumewe. Hakuzaa. Sisi tulikuzwa tukiambiwa Shangazi alilogwa na mke mwenzie. Basi. Ikaishia hapo. Alisikia yote niliyomuuliza Mama, na hakuinua uso.

Jumanne, 5 Machi

Nimeaibika mbele ya Kidato cha Nne.

Nafundisha urithi. Nimechora ubaoni kama kila mwaka: mama X mbili, baba X na Y. Mwaka wa nane huu nachora. Jubilate, binti wa dawati la nyuma anayepiga miayo tangu kipindi kianze, akanyoosha mkono. Madam, kwa hiyo baba akiwa na kasoro kwenye hiyo X yake, mabinti zake wote wanayo? Hakuna anayepona? Nikasema ndiyo, wote, kwa sababu X anayo moja tu na hiyo ndiyo anayompa kila binti. Na wavulana? Wavulana wanapewa Y, hawaguswi.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema hivyo. Mabinti wote. Nikaiona mikono ya Baba. Nikamwona Shangazi na ndizi zake. Chaki ikanitoka. Nikawaambia wanakili ukurasa wa arobaini na tatu, nikakaa. Jubilate akaniuliza kama naumwa. Nikamkaripia, masikini.

Upande wa baba hakuna kitu! Mwalimu wa Baiolojia mzima! Nimemsahau shangazi yangu wa damu, anayenimenyea ndizi, kwa sababu nyumbani kwetu yeye hakuwekwa kwenye ugonjwa. Aliwekwa kwenye uchawi. Nami daktari aliniuliza ugonjwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kuna kinasaba kimoja kinakaa kwenye X. Wanawake wenye kasoro yake, si wote, kama mmoja kati ya watano, ovari huchoka mapema. Wanaume wenye nayo, wakishazeeka, wengine mikono hutetemeka na miguu haina mizani. Na mwanamke mwenye nayo akizaa, kasoro inaweza kukua, mtoto akawa mzito wa kujifunza.

Nimezima simu. Nimekwenda kufua mashuka yaliyokuwa safi. Naogopa. Sina namna nyingine ya kusema.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda Ikolo peke yangu. Vitus yuko Katumba Songwe na wakulima wake — bwana kilimo hana Jumamosi. Nikamkuta Shangazi nyuma, anapasua kakao, anakusanya mbegu na ute wake, anazifunika na majani ya migomba zichachuke. Nikamsalimu kwa Kinyakyusa: Ugonile, Shangazi. Akaitika: Ndaga. Nikakaa nikachukua panga la pili. Nikapasua kumi na mbili kabla sijapata ujasiri.

Nikamuuliza: Shangazi, ulikoma ukiwa na miaka mingapi?

Panga likasimama. Nani kakwambia nilikoma?

Nikamwambia mimi nimekoma.

Alinitazama mpaka nikaona haya. Kisha akasema: ishirini na saba. Akarudi kupasua, na huku anapasua akasimulia, kama anayesema habari za mtu mwingine. Alipoona miezi inapita na tumbo halikui, aliogopa. Kila mwezi akawa anachukua vitambaa vyake, anavifua, anavianika pale pale mama mkwe wake anapopita kwenda kisimani. Ili waseme huyu yuko sawa, subira tu. Miaka minne alianika vitambaa visivyo na kitu. Mpaka mke mwenzie akachungulia. Akakuta maji ya kufulia ni meupe. Akapiga kelele mji mzima: huyu damu yake anaipeleka wapi? Anaitumia kufanyia nini? Wakamrudisha wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo hakulogwa, nikasema. Akasema: mwanangu, mimi ndiye niliyeitwa mchawi. Baba yako aliigeuza habari hiyo. Aliona afadhali dada aliyelogwa kuliko dada mlozi. Nilimshukuru. Lakini hata yeye hakuwahi kuniuliza.

Nikalia. Nikamwambia habari za pedi na Mama Doreen. Ee Kyala, Mungu wangu! Shangazi akacheka! Akacheka mpaka akashika kiuno. Afadhali wewe unanunua, akasema, mimi nilikuwa nafua!

Tukacheka sote wawili, mikono ina ute wa kakao mpaka viwiko. Sijacheka hivyo tangu mwaka jana. Tulipotulia akasema: na Lusungu? Nikasema nasubiri majibu. Akasema subiri, lakini usisubiri kama mimi.

Jumatano, 27 Machi

Leo pedi zimetumika kweli. Ni vidonge tu, Dokta alishaniambia itatokea. Damu ya duka la dawa. Vitus akaona pakiti imefunguliwa bafuni. Kanipikia chai ya tangawizi, kaniwekea pembeni, kakaa. Nimeona bega lake limeshuka. Anahesabu naye, kumbe. Kila mwezi anahesabu, na kila mwezi mimi namdanganya. Najichukia kwa hili.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua tangu Jumatatu. Uwanja wa shule ni ziwa jingine. Nilikuwa ofisini nimeshika viatu mkononi Dokta Marystella alipopiga.

Ninayo.

Kuna herufi zinazojirudia kwenye kile kinasaba. Kwa kawaida hazifiki hamsini. Zangu ni themanini na nane. Akauliza tena, pole pole, habari za upande wa baba. Safari hii nikasema ukweli. Shangazi. Mikono. Miguu. Akasema mpaka baba apimwe hawezi kuapa, ila ikiwa ni yeye, basi mdogo wako naye anayo, hilo halina bahati nasibu. Kuwa nayo si lazima zichoke kama zangu. Lakini aje apimwe ovari sasa, akiwa bado nazo. Akitaka watoto apange mapema, asiahirishe. Na Baba aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, asiendelee kusema ni uzee.

Nikamshukuru. Nikavaa viatu. Nikaingia darasani nikafundisha usanisinuru.

Ila nitamwambiaje Baba? Neno hedhi silitoi mbele ya baba yangu, hata kama nafundisha watoto mia mbili. Kwetu neno kama hilo hupelekwa na shangazi. Na shangazi wetu akilipeleka hili, lazima atoe na la kwake.

Jumamosi, 20 Aprili

Amelipeleka.

Mimi nilikuwa nje, chini ya upenu, na mvua ikinipiga miguu. Nilisikia nusu. Sauti ya Shangazi ilikuwa ndogo muda mrefu. Vitambaa, nilisikia. Maji meupe, nilisikia. Kisha Baba: unaniambia leo? Miaka arobaini, unaniambia leo? Shangazi: uliniuliza lini? Kisha kikombe kikaanguka. Sijui kiliangushwa au kilimtoka.

Akaniita ndani. Mikono mfukoni. Hakunitazama. Akasema, kwa hiyo mimi ndiye niliyewaharibu. Nikasema Baba, hakuna aliyeharibu, hata wewe ulipewa na Bibi naye alipewa. Akasema, kwa hiyo mama yenu nilimsingizia. Mama alikuwa pale pale mlangoni. Akainama, akaokota vipande vya kikombe.

Na kwenda Mbeya kupimwa? Hataki kusikia. Na Lusungu? Hapo ndipo alipobadilika. Akasimama, akashika ukuta. Lusungu asiambiwe. Kwa akina Dickson wakisikia, harusi hakuna. Desemba aolewe kwanza. Akishaingia kwa mumewe, ndipo.

Nikasema Baba, hivyo ndivyo alivyofanyiwa Shangazi. Aliingia kwa mumewe kwanza, ndipo.

Nimemjibu baba yangu. Miguu inanitetemeka mpaka sasa — na hii si kinasaba, ni hasira. Akasema nikifungua mdomo kwa Lusungu nisikanyage tena kwake. Nimerudi mjini nimelowa, sijamuaga mtu.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwambia Vitus. Yote. Mbeya, semina ya uongo, pedi za uongo, themanini na nane. Alikuwa anakwangua tope kwenye buti zake, na aliendelea kukwangua hadi buti likang'aa. Nikasubiri aseme kwao Mbinga watasemaje, mama yake, Dorothea, atasemaje. Akasema: mwaka mzima umelibeba peke yako? Nikasema ndiyo. Akasema, nimekasirika. Akatoka nje. Akarudi na maembe mawili, akanimenyea. Sijui ndoa yangu iko wapi. Maembe nimekula.

Ila kasema kitu kimoja alipokuwa anamenya. Kasema: mimi nimekuoa tayari, mimi nitasubiri. Lusungu bado hajaolewa, hana wa kumsubiri.

Nimeandika ujumbe kwa Lusungu mara tatu. Nimefuta mara tatu. Haya hayaandikwi kwenye simu. Ijumaa ni sikukuu ya Muungano, anakuja nyumbani. Nitakwenda. Baba akinifukuza, anifukuze na neno nikiwa nimeshalisema.

Ijumaa, 26 Aprili. Ikolo

Naandika kitandani kwa Shangazi, daftari kwenye magoti. Sina muda. Lusungu yuko jikoni, Mama kamwita ageuze ndizi. Atarudi sasa hivi.

Asubuhi saa tatu nimefika. Baba alikuwa barazani na koti lake. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Kabla sijakaa Lusungu akanivuta mkono mpaka huku nyuma. Amekonda. Macho mekundu. Nikadhani wamemwambia. Kumbe analo la kwake. Dada, usimwambie Baba, ataniua. Nadhani nina mimba.

Miezi mitatu hajaona siku zake. Analia kwamba digrii imekwenda, Dickson atasema nini, kanisani watamtenga. Nikamuuliza, kabla ya hapo? Akasema hata mwaka jana zilikuwa zinarukaruka, alidhani ni mitihani. Joto je? Akashangaa nimejuaje. Usiku joto linampanda kifuani mpaka shingoni, anaamka shuka limelowa. Anadhani ni mimba.

Nilisimama pale, nimemshika mikono, na sikujua niombe nini. Kama ni mimba, basi hazijachoka — ila mtoto mwenyewe naye ana bahati nasibu yake. Kama si mimba. Ee Mungu, kama si mimba.

Kipimo alikuja nacho kwenye mkoba, alikinunua Mbeya akaogopa kukitumia peke yake chuoni. Akaingia msalani na kikopo. Akatoka nacho amekishika kwa vidole viwili, tukakiweka juu ya gunia la kakao, tukakaa pembeni yake kama tunachunga maziwa yasichemke. Shangazi alikuwa nje anapasua. Dakika moja. Mstari mmoja ukaja. Dakika tatu. Mmoja. Dakika tano, Lusungu akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakigeuza tena.

Mmoja tu.

Akaruka! Sina! Dada, sina mimba! Sina! Akanikumbatia, akanizungusha, akapiga kigelegele kidogo akajiziba mdomo. Asante Yesu, asante Yesu. Uso wote umefunguka. Sijamwona mrembo hivi tangu siku alipofaulu Kidato cha Sita.

Nje, panga la Shangazi likanyamaza.

Hapo ndipo Baba alipotokea mlangoni, kafuata kigelegele. Furaha ya nini? Lusungu akaficha kipimo nyuma, akacheka, akasema hakuna kitu Baba, habari nzuri tu za chuo. Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nadhani aliniona usoni. Kisha akamwona Shangazi nyuma yake, amesimama na mikono yake ya ute.

Mama akaita jikoni. Lusungu akatoka mbio, anaimba.

Baba hajaondoka. Ameitoa mikono mfukoni, yote miwili, mbele yetu. Inatetemeka vibaya. Amekivuta kigoda kwa shida, kimegonga mlango mara mbili, ameikataa mikono yangu nilipotaka kumsaidia. Amekaa. Kaniambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: akirudi, mimi ndiye nitaanza. Utamalizia wewe.

Shangazi amekaa chini, mgongo kwenye gunia.

Nasikia ndala zake. Anakuja. Bado anaimba. Amesimama mlangoni na sahani ya ndizi, anatuangalia sote watatu, anauliza mbona hakuna anayefurahi naye.

Baba kasema, kaa mwanangu.

Amekaa. Ananitazama mi—